Mhadhara wa Mtaalamu Mkuu wa Mkate kwa Akina Mama wa Isangi

Papa chifu, wakubwa wote, na ninyi akina mama: tulieni. Anayesema ni mimi, Mtaalamu Mkuu wa Mkate wa bonde zima la Lomami, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kukosekana mtu mwenye elimu ya kunitunuku.

Nimeyatazama kwa uchungu wa kitaaluma mambo mnayoyafanya ufukoni, pale Lomami inapoingia kwenye Mto Kongo. Usiku mama anakoroga unga mweupe, sukari, hamira na maji, anafunika, analala. Alfajiri, mitumbwi ya sokoni ikianza kufika, anachota rojo kwa vidole na kuidondosha mabonge mabonge kwenye mafuta yanayochemka. Eti mikate! Mimi nimeionja kwa ajili ya utafiti tu, kila siku ya soko, pamoja na karanga, na utafiti bado unaendelea. Mkate, wapendwa, hauogelei. Mkate unaokwa.

Mtasema tanuri hamna. Najua mnatandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, mnaiteleka kwenye jiko la mbabula, mnapanga makaa mekundu juu ya kifuniko, na keki inaumuka ikaiva pande zote. Sayansi haiwezi kuitambua njia hiyo. Haina kitufe.

Tuje kwenye ngano nzima. Punje ya ngano ina pumba, kiini na wanga. Mashine za kisasa huondoa pumba na kiini, zikabakiza wanga mweupe, na huo ndio unaotufikia: umepanda mto kutoka Kinshasa, au umehangaika na barabara za mashariki hadi Kisangani kisha ukateremka kilomita kama 125. Unga wa ngano nzima ni bora kwa tumbo, una nyuzinyuzi na vitamini. Ila kiini chake kina mafuta, nayo huchacha upesi penye joto na unyevu. Kwa mwendo wa boti zetu, ungetufikia unanuka. Ushauri wangu wa kitaalamu: uleni hivyo hivyo, mkiwa mmeziba pua.

Kwa nini tusipande ngano wenyewe? Kwa sababu inapenda baridi, na sisi tuko msituni karibu kabisa na ikweta. Hata watafiti wa kituo cha kilimo cha Yangambi, majirani zetu, walihangaika na michikichi, mpunga na mihogo. Mwaka 1941 wawili wao, Beirnaert na Vanderweyen, wakaeleza jinsi unene wa kifuu cha chikichi unavyorithiwa, ndipo ikajulikana namna ya kuzalisha kwa makusudi aina ya tenera, yenye nyama nyingi na mafuta mengi. Mafuta tena! Kituo kizima cha sayansi kinawanyweshea mikate yenu, na hakuna aliyeufikiria mkate wangu.

Juzi mama mmoja kaniletea mchele alioutwanga kwenye kinu, bado wa kahawia, pumba zimeushika, akidai hiyo nayo ni nafaka nzima. Akaongeza kwamba mpunga ulienezwa huku na Wangwana, wale Waswahili waliotoka mashariki, enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, yule aliyefanywa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, mwaka 1887, na kwamba Zanzibar watu huuoka mkate wa kumimina kwa mchele huo huo, nazi na iliki. Wa pili akanisukumia kwanga: mihogo imelowekwa siku kadhaa ikachachuka na kupoteza sumu yake, ikatwangwa, ikafungwa majani, ikapikwa, na inamudu safari ndefu ya mtoni bila kuoza. Nikawajibu wote wawili kwa upole wa msomi. Mchele na mhogo havina gluteni, ule unato wa ngano unaonasa hewa. Pasipo unato hakuna mkate wenye mashimo makubwa kama wa Ufaransa, na mimi nimesomea mashimo.

Maswali? Ndiyo, mama wa kitambaa chekundu. Unga wa ngano nzima unauzwa wapi, na bei gani? Hilo ni swali la biashara. Mwingine?

Basi kesho ni vitendo. Kila mama aje na unga, sukari, hamira, mafuta, makaa na sufuria. Mimi nitaleta nadharia, na mtoto wa kunibebea.