Ujira wa Prosesa

Kompyuta yangu ya mpakato, niliyoinunua hapa Mombasa kwa ajili ya michezo ambayo mtu wa umri wangu hana budi kuicheza watu wakishalala, ilikuwa ikivuma kama cherehani ya fundi aliyeelemewa na nguo za Idi. Hata wakati wa kipupwe ilipiga nyuzi 97, na prosesa yake, iliyosifiwa dukani kuwa hufika gigahezi 4.5, ilipolihisi joto hilo hujishusha yenyewe hadi 2.8, na gari langu la mashindano likaenda kwa kushtuka-shtuka mithili ya punda wa mchanga. Aliyeridhika nayo ni mama peke yake, ambaye kila jioni aliliegesha beseni la unga wa mahamri ubavuni mwake, pale itokapo hewa ya moto.

Katika kudadisi nikafahamu kwamba dawa ni kupunguza volti, kwani joto hufuata mraba wa volti, na watengenezaji, kwa kuwa hawawezi kukipima kila kipande kikamilifu, huvipa vyote ziada ya tahadhari. Ziada hiyo ndiyo niliyoitamani. Nilianza kwa adabu, kama tajiri ampunjaye kibarua: nikakata milivolti 50, kimya; 80, nyuzi zikashuka hadi 86 na kasi ikapanda; 110, ikastahimili saa nzima ya mahesabu mazito bila ya kuguna. Mwenye akili angalilala. Mimi saa saba ya usiku nikaandika 125, kisha nikaiamuru programu iitekeleze amri hiyo kila mashine iwashwapo.

Asubuhi, shujaa huyo wa usiku alianguka nilipofungua barua ya maneno manne. Kioo kikageuka buluu. Kumbe prosesa ikistarehe hujipunguzia volti yenyewe, nami nilikuwa nimekata katika hicho hicho kidogo! Nikaiwasha; ikaamka, ikaikumbuka amri yangu kwa utiifu ambao sijapata kuuona kwa mwanadamu, ikazimika. Nikaiwasha tena. Ikatii tena.

"Mwanangu," mama akauliza kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi, "hii haitaki kufukizwa ubani?"

Nilikataa, lakini, Mungu ananijua, si kwa yakini. Nilihangaika hadi adhuhuri ndipo nikafaulu kuiamsha katika hali salama, ambamo programu zisizo za lazima haziruhusiwi kuingia, nikaifuta amri ile.

Sasa nimeiacha kwenye 80. Inanong'ona tu, na gari langu lakimbia. Jana usiku mama alikuja na beseni, akalifunua kitambaa, akanionyesha unga uliolala bapa kama mkeka, akataka kujua ile homa yake itarudi lini.