Huyu Ni Kama Kaka Yangu

Mwandishi wa riwaya ya mapenzi akishaniambia kwamba fulani na fulani ni marafiki tu, mimi nimeshajua watakapoishia. Wasiojua ni wenyewe. Ukurasa wa ishirini kijana kashamfuata binti stendi na kumbebea mabegi, anajua kwamba hali kitunguu, kakaa naye hadi saa saba usiku akimsikiliza akimlilia mwanamume mwingine, na bado wanatazamana kama abiria waliokutana kwenye foleni ya tiketi. Mimi niko kitandani namgombeza mtu asiyenisikia: mwanangu, si huyo hapo! Mume wangu anazinduka na kuuliza nani kafiwa.

Mtu mwenye akili zake angefunga kitabu akalala, maana mwisho anaujua. Mimi nasoma hadi ukurasa wa mia tatu, na asubuhi nasinzia kwenye daladala.

Maradhi haya ni ya zamani. Jane Austen alituambukiza mwishoni mwa 1815, alipotoa Emma. Emma ni binti wa kitajiri asiye na shughuli, kwa hiyo kajipa ushenga. Anawatafutia wenzake wachumba, na kila anapotia mkono panaharibika. Na pale sebuleni kwa baba yake haishi kuja Mr. Knightley, jirani, tena shemeji, kwa sababu mdogo wake kamwoa dada wa Emma. Huyu shemeji kamjua tangu yuko mdogo na makosa yake anamwambia bila kumpaka mafuta. Kuna siku wamekwenda matembezi huko Box Hill, Emma akamkejeli mbele za watu Miss Bates, mama wa watu asiye na mume wala senti. Wengine wakanyamaza. Knightley akamsubiri pembeni, karibu na gari la farasi, akamwambia wazi kwamba amefanya jambo baya. Emma akalia karibu njia nzima ya kurudi nyumbani.

Sasa niambie, mchumba mgeni angethubutu? Mchumba mgeni anasifia hata kandambili.

Kwenye dansi wanakubaliana kwamba wao si ndugu kiasi cha kushindwa kucheza pamoja, na Knightley anaukana huo udugu kwa nguvu ambazo kipofu angeziona. Emma haoni. Inabidi shoga yake aje amwambie kwamba na yeye anamtaka Knightley, ndipo moyo unamlipuka. Mali imekaa uani miaka yote, kaiona siku jirani kaulizia bei. Hapo Austen alitupata wote.

Yule Mkanada, L. M. Montgomery, alikuwa na roho mbaya zaidi. Katika Anne of Green Gables ya 1908, Anne anampasulia Gilbert ubao wa kuandikia kichwani kwa kumtania nywele zake nyekundu, anamnunia miaka, na kitabu kinakwisha ndiyo kwanza wamepatana. Wasomaji wakasubiri mpaka kitabu cha tatu, 1915. Na humo Anne anaanza kwa kumkataa! Mpaka kaka wa watu augue homa ya matumbo, nusura afe, ndipo bibie azinduke. Sisi wengine tuliposwa kwa barua moja na jibu likatoka kabla wajumbe hawajamaliza soda.

Louisa May Alcott ndiye pekee aliyegoma. Mabinti walimsihi amwoze Jo kwa Laurie, rafiki na jirani yake, na sehemu ya pili ya Little Women ilipotoka 1869, Laurie akaozeshwa mdogo wa Jo. Wako wasomaji ambao hawajamsamehe hadi leo, na mimi ni mmojawao.

Wa siku hizi ni Emily Henry. Katika riwaya yake ya 2021, People We Meet on Vacation, Poppy na Alex wanasafiri pamoja kila kiangazi, mwaka hadi mwaka, marafiki tu. Wanakorofishana, wananuniana, kisha wanajikuta tena pamoja Palm Springs, joto kali na kiyoyozi kibovu. Nilimsimulia mume wangu yote hayo wakati anapiga pasi shati lake. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwani hao hawana mashangazi?"

Lilikuwa swali la maana. Riwaya hizi zinaishi kwa kucheleweshwa, na kwetu hakuna wa kukuachia uchelewe. Binti wa Tabata aende hata Bagamoyo na rafiki tu, alale huko, arudi, mama mkubwa asipige simu? Kijana akija mara mbili kurekebisha king'amuzi, ya tatu anaulizwa kwao ni wapi na baba yake ni nani. Muuza genge kashajua. Bodaboda wa kona anamwita shemeji. Hadithi nzima ingefia ukurasa wa kumi na mbili, mshenga kashavua viatu mlangoni.

Na bado nazisoma, kwa sababu kuigiza kunachosha. Mtoko wa kwanza na mwanamume usiyemjua unakula chipsi moja moja kwa kijiti, umebana pumzi ndani ya gauni la kuazima, unachekea visivyochekesha. Na yeye anakusimulia faida ya biashara ambayo hajaifungua. Lakini rafiki amekuona na malaria, kilemba cha kulalia kimekwenda upande, umeshika paja la kuku kwa mikono miwili. Huyo akisema anakupenda hakuna cha kumficha tena. Tatizo lake ni kwamba mambo yakiharibika anakosa mchumba na rafiki kwa mkupuo mmoja, ndiyo maana anameza maneno kurasa mia mbili. Hofu hiyo naielewa kabisa, na ndiyo inayoninyima usingizi.

Wengi wetu tulianzia upande wa pili, posa, mahari, ndoa, kisha ndiyo ukajua kwamba mtu anakoroma. Urafiki wenyewe ulikuja baadaye, siku mliyotoka harusini mkamsengenya MC njia nzima hadi nyumbani. Hakuna mchapishaji aliyeniomba niiandike hiyo.

Ninachowalaumu waandishi hawa ni kuwatia moyo akina kaka. Ofisini kwetu tunaye mmoja. Kila asubuhi anamletea dada fulani chapati na chai ya tangawizi, mtungi wa gesi ukiisha ni yeye wa kuubeba hadi ghorofa ya tatu, hata tarehe ya kodi ya dada anaijua kuliko mwenye nyumba. Sisi sote tunajua. Mlinzi wa getini anajua. Ukimgusia dada anashika kifua: "Jamani, huyu ni kama kaka yangu!" Nikamshauri asome Emma. Akasema ataangalia filamu.

Mara tukatangaziwa sendofu. Bwana harusi katokea Mwanza, walikutana kwenye semina. Kamati ikakaa, ikatafutwa mtu wa kushika fedha, na bibi harusi mtarajiwa mwenyewe akapendekeza: kaka, maana ni mwaminifu. Kaka akakubali. Sasa ndiye anayetukumbusha ahadi zetu kila Ijumaa, kwa adabu zote, na kila anayelipa anamshukuru kwa niaba ya familia.

Jana nilimpelekea mchango wangu, akanifungulia daftari nitie saini. Nikalitafuta jina langu kwenye orodha, nikapita kwenye lake. Kachanga kumzidi meneja, na kwenye safu ya kadi kajiandikia single.