Dai Risiti, Isome Upesi

Ukinunua kitu Tanzania usidai risiti, faini inakuhusu wewe na muuzaji wako. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na karatasi yenyewe: sheria inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka 5, nayo karatasi inataka kustaafu kabla ya Krismasi.

Juzi friji iligoma. Nikachomoa risiti kwenye pochi, nikaenda dukani na waranti yangu ya mwaka mzima mdomoni. Muuzaji akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaimulika kwenye taa.

"Mzee wangu, mbona hii karatasi tupu?"

Nikamwonyesha kivuli cha namba saba. Akasema yeye anaona moja.

Wala si wino uliofutika, maana haukuwepo. Mashine ya EFD, ile inayotoa risiti, ina kichwa cha moto tu. Karatasi ndiyo iliyopakwa rangi isiyoonekana pamoja na asidi hafifu, kila moja imelala kivyake. Joto likipita zinayeyuka, zinakutana, molekuli ya rangi inafungua pete yake na papo hapo inakuwa nyeusi. Ndoa nzuri, ila talaka yake nyepesi mno: mafuta ya mikono, hata ule mfuko laini wa plastiki ulionunua ili uitunze. Wakishaachana, rangi inarudi kutoonekana.

Na usiseme basi utaiweka penye joto ikolee. Jirani yangu aliacha risiti ya betri juu ya dashibodi, Dar, mwezi wa pili. Jua likaiandika yote, nyeusi tii, kuanzia jina la duka hadi VAT. Yangu nyeupe, yake nyeusi, na sote haki zetu zimepotea.

Wajuzi wanashauri utoe kopi siku ileile. Yaani nimelipia friji, nimelipia VAT, sasa nilipie na ushahidi! Haya, nikabeba rundo zima hadi steshenari, nikatoa kopi, kisha nikadai risiti kama raia mwema. Kijana akasema mashine mbovu, akachana kipande cha daftari, akaniandikia kwa kalamu ya bluu, na sahihi juu.

Watu wa kodi wakija kunikagua, hiyo ndiyo risiti pekee itakayosomeka bila kopi. Na ndiyo pekee isiyo halali.