Sifa za 1,152,958

Wengine wasifie twiga na milima. Mimi namsifu mkaidi mmoja anayewashinda hata viboko wa Mto Katuma wanapogombea tope la kiangazi: 1,152,958. Ndiyo idadi ya watu waliolala Mkoa wa Katavi usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022, kama makarani wa sensa walivyoibonyeza kwenye vishikwambi vyao.

Nasaba yake fupi: 2 mara 19 mara 30,341, basi. Zote tatu ni namba tasa. Hebu fikiria! Mwaka 2012 tulikuwa 564,604. Tukaongezeka kwa asilimia 7.1 kila mwaka wakati nchi nzima ilikuwa ikienda kwa 3.2, halafu idadi yetu inazaliwa na matasa watatu. Najua, si uzazi peke yake. Wapo walioswaga ng'ombe kutoka Usukumani. Lakini tasa ni tasa.

Vigawo vyake ni 8 tu. Ukivijumlisha na kuiacha yenyewe nje, unapata 667,562, kwa hiyo wanahisabati huiita namba pungufu. Madarasa yamefurika, namba pungufu! Tena wana kitu wanachokiita namba ya furaha: unazidisha kila tarakimu kwa yenyewe, unajumlisha, unarudia mpaka ufike 1. Nilijaribu kwa kalamu: 201, 5, 25, 29, 85, 89. Kuanzia hapo inazunguka milele, kama bodaboda aliyesahau anakompeleka abiria. Furaha haina.

Utukufu wake hasa uko kwenye mgawo. Wagawie watu hawa wilaya tatu, Mpanda, Mlele na Tanganyika, sawa kwa sawa: anabaki mmoja. Wagawie halmashauri tano: wanabaki watatu. Tuwaweke wapi? Labda stesheni ya Mpanda, wasubiri treni ya Kaliua. Mafungu 19 inayakubali bila kinyongo, kila fungu watu 60,682, ila sijasikia mtu aliyewahi kuomba mafungu 19. Ndiyo maana kwenye hotuba huitwa "milioni moja na ushei", yenyewe ikanyamaza. Ushei wa watu 152,958!

Na usidhani ilikuwa mbali na utii. Ongeza watu wawili tu, iwe 1,152,960, uone inavyolainika: vigawo 56, kila wilaya 384,320, kila halmashauri 230,592, hakuna wa kubaki stesheni. Mapacha tu wangetosha, pale Majimoto au Mishamo, mradi wazaliwe kabla ya saa sita ya usiku ule. Aliyelia saa sita na dakika tano hakuhesabiwa.

Kama wapo mapacha waliochelewa hivyo, sasa wanajifunza kuhesabu.