Tatu kwa Mbili

Muuza duka hapa Newquay aliponiambia kwamba suti inayonifaa ni "tatu kwa mbili", nilidhani ananiuzia godoro. Kwetu Mombasa vipimo vya namna hiyo ni vya kitanda: tatu kwa sita, nne kwa sita, na mwenye nazo tano kwa sita. Kumbe ni unene wa mpira kwa milimita: tatu kiwiliwili, mbili mikono na miguu. Mpwa wangu alishanionya kwamba Cornwall hupandi ubao wa mawimbi bila suti ya mpira, nami kwa kukataa kuitwa mzee nikatoa pauni zangu.

Ilikuwa Mei. Jua limewaka, watoto wanalamba aiskrimu, wazee wa Kizungu wamevua mashati na kuiva kama kamba wa kuchemsha. Nani angenunua suti nene siku hiyo?

Maji yaliponifika kiunoni nilisahau Kiswahili. Nyuzi 12! Bahari ya kwetu, kusi likivuma na maji yakapoa kabisa, huwa nyuzi 25 hivi, na hapo tunatoka tukitetemeka na kudai chai ya tangawizi.

"Mjomba," mpwa wangu akasema nilipotoka nikiwa wa buluu, "hapa hatutazami jua, tunatazama maji."

Angesema dukani. Bahari ya huku ni kama sufuria ya pilau ya harusi: huchelewa kushika moto, na ikishashika huchelewa kupoa. Baridi yake kali si Desemba, ni Februari na Machi, nyuzi 9 au 10. Joto lake, kama ni joto, huja Agosti na Septemba, nyuzi 16 au 17. Ndiyo maana Oktoba, watu wameshavaa makoti, maji yana afadhali kuliko Mei ya aiskrimu. Kwa hiyo tatu kwa mbili ni ya kiangazi, nne kwa tatu ni ya masika na vuli, na wakati wa baridi ni tano kwa nne kwa tatu, pamoja na kofia, glavu na viatu. Mtu mmoja, kabati zima la mpira! Mimi harusi zote naenda na kanzu moja.

Na kosa la pili ni langu, nakiri. Nilichukua saizi kubwa ili kitambi kipumue. Suti hii haizuii maji. Huyaruhusu kidogo yaingie, mwili ukayapasha moto, na mpira wenye viputo vya gesi ukazuia joto lisitoroke. Hayo yote yanataka ibane. Yangu ilikuwa na nafasi mgongoni, basi kila wimbi liliyamwaga maji niliyokwisha kuyapasha na kuniletea mapya. Nimeipasha moto Atlantiki nzima siku ile, bure.

Inayobana nayo ina yake. Siku nyingine niliazima nne kwa tatu ya mpwa wangu. Alinivalisha mfuko wa plastiki mguuni ili uteleze, akavuta, akachomoa mfuko, akahamia mguu wa pili. Dakika ishirini. Kuivua ni balaa zaidi: nimesimama kwenye maegesho ya magari, kikoi kiunoni nimekishika kwa meno, na kijana amekanyaga mguu wa suti huku akiniambia, "Vuta, Mjomba, vuta!" Bibi mmoja aliyekuwa na mbwa alinipa pole. Mbwa alibweka.

Lakini siku ile nilikaa majini saa nzima na meno hayakugongana, hilo siwezi kulikana.

Basi nauza suti tatu kwa mbili, saizi kubwa, imeingia majini mara moja tu, tena kwa dakika nne. Anayeitaka aje Agosti. Akija kabla ya hapo, simuuzii.