Raita ya Shemeji

Nyumbani kwetu Upanga mchuzi una mwenyewe na pilau ina mwenyewe. Raita, ule mtindi wa tango wa kupoza ukali, hupewa aliyekaa bure. Jumapili hiyo aliyekaa bure alikuwa shemeji yangu, mwanafunzi wa chuo anayekuja na nguo chafu na kuondoka na safi.

Mume wangu alishika jiko tangu jana yake. Alikuwa anapika vindaloo ya kuku, aliyoelekezwa na jirani yetu Mgoa wa ghorofa ya chini: nyama inalala usiku kucha kwenye siki, kitunguu saumu na pilipili nyekundu kavu zilizosagwa. Jirani alimwandikia kabisa: pilipili za Kashmiri, kumi na tano. Hizo zina rangi nyingi na ukali kidogo. Mume alizikosa sokoni Kisutu, akachukua zile fupi nyembamba za kwetu, akahesabu kumi na tano vilevile. "Pilipili ni pilipili," akasema. Asubuhi nilifunua sufuria nikapiga chafya mpaka kanga ikanidondoka. Nikajua leo roho zetu ziko mikononi mwa shemeji.

Alitumwa mtindi, akarudi na yogati ya vanila. Mama mkwe alionja ncha ya kijiko. "Mwanangu, hii aiskrimu iliyokosa baridi." Akarudishwa dukani, akaja na mtindi wa pakiti, mwepesi, wa kunywa na si wa kuchota. Mama mkwe hakugombana naye. Alichukua nusu yake, akaimimina kwenye kitambaa cha kuchujia tui, akafunga fundo na kukining'iniza kwenye bomba la sinki. Ukaanza kudondosha maji yake polepole. Nusu ya pili akamwachia kijana.

Kijana akakwaruza tango, akalitia chumvi, akalimwaga lote kwenye mtindi palepale. Tango ni maji karibu asilimia 95, na chumvi kazi yake ni kuyavuta nje; usipolikamua kwanza litajikamulia lenyewe ndani ya bakuli. Bizari nyembamba aliikaanga huku anajibu simu. Ile inataka kikaango kikavu na jicho lako: ikianza kunukia na kugeuka rangi, unaitoa na kuitwanga. Yake ilitoka nyeusi. Akaongeza na vitunguu, jambo ambalo mimi silikubali hata siku moja, maana raita yenye vitunguu ni kachumbari iliyovaa kanzu.

Saa saba wifi yangu akaingia kutoka Tanga na mumewe na watoto. Watoto tuliwapa wali na mayai, nashukuru. Wakubwa wakapakuliwa vindaloo. Tonge la kwanza lilipita kimya. La pili, mume wa wifi akavua miwani.

"Maji!" wifi akasema, akanywa glasi nzima, na hapo ndipo moto ulipopata njia. Ukali wa pilipili, kapseisini, hauyeyuki kwenye maji. Unayeyuka kwenye mafuta. Ukinywa maji unausambaza tu mdomo mzima. Protini za maziwa ndizo zinazoushika na kuuondoa ulimini. Mume wangu, badala ya kuomba radhi, akatoa somo la historia: eti pilipili si ya Wahindi, asili yake ni Amerika, na Wareno walioiteka Goa mwaka 1510 ndio walioifikisha kule. Wageni wanalia, yeye yuko kwenye majahazi ya Wareno.

Tukaletewa raita ya shemeji. Ilikuwa imekuwa supu: vipande vya tango vinaelea, vitunguu vinaelea, bizari imezama kama mchanga. Bwana wa Tanga hakungoja kijiko. Aliinua bakuli kwa mikono miwili akanywa, akashusha pumzi, akampa mkewe. Likazunguka meza likaisha.

Ndipo mama mkwe alipotoka jikoni na bakuli dogo. Ule mtindi wa kwenye kitambaa ulikuwa mzito, unasimama kwenye kijiko. Tango kalikamua kwa viganja, bizari kakaanga upya, nanaa kaikata juu juu. Kuku akaliwa wote. Kila tonge lilivaa mtindi kwanza, na hakuna aliyeuliza tena habari za Goa.

Wifi alipokuwa anaaga aliomba aelekezwe kile cha mtindi. Mume wangu akaanza kuelezea vindaloo. Shemeji alikuwa ameshapiga picha lile bakuli dogo, akaituma kwenye kundi la ukoo na maneno mawili: "Nimepika leo." Pongezi zikamiminika mpaka usiku, na mama mkwe, ambaye mjukuu humsomea ujumbe, akaamuru ajibiwe kwamba Jumapili ijayo mpishi huyo atapika pilau ya watu ishirini.