Jinsi ya Kustawisha Kijani na Kuvuna Mabua

Shayiri waachie watu wa Monduli na Karatu. Kule naitrojeni ikizidi, protini hupanda kwenye punje, na mnunuzi wa kiwanda cha bia hupima, hukunja uso, hukataa mzigo. Mateso ya nini? Wewe uko Bagamoyo, unalima mpunga kwa maji ya Mto Ruvu, na mashineni hakuna anayepima protini. Una uhuru wote wa kuchezea yurea. Njoo nikuelekeze, ila usimwambie bwana shamba.

1. Panda mbegu ya Supa. SARO 5 ni fupi, hula mbolea ikasimama wima mpaka siku ya mundu, haina mbwembwe. Supa ukiishibisha naitrojeni hurefuka, hupendeza, kisha hulala chali kama mlevi wa sikukuu.

2. Usipime udongo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kipo Muheza, na Muheza ni mbali kwa mtu ambaye babu yake alilima hapahapa bila karatasi. Muulize jirani ametia mifuko mingapi, wewe ongeza mmoja. Tena mbolea ya ruzuku ilirudi msimu wa 2022/2023, kwa wakulima waliojisajili. Ukiulizwa ekari, taja zako, za shemeji na za marehemu babu.

3. Maliza yote siku moja. Wataalamu watakusihi uigawe: kiasi mpunga unapotoa machipukizi, kiasi unapokaribia kubeba mimba, maana mmea hauwezi kula chakula cha msimu mzima kwa mkupuo. Wana muda hao.

4. Hapa ndipo penye ufundi wenyewe, kaa vizuri. Mfuko wa kilo 50 wa yurea una kilo 23 za naitrojeni. Subiri saa saba mchana, jua la pwani likiwa utosini, tope likiwa bichi lakini maji yamekauka juu yake. Rusha juu juu. Usifukie hata punje. Yurea itageuka amonia na kuondoka na upepo wa bahari. Usione haya: asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, na viwanda vya mbolea huitoa hukohuko hewani. Wewe unalipa deni lao, kwa hela zako. Itakayosalia ifungulie maji jioni ileile, bila kuziba matoleo. Mwenye jaruba la chini atapata mavuno mazuri na kumshukuru Mungu.

5. Mifuko ulivyoizidisha, kitabaki cha kutosha kupaka shamba kijani kibichi. Piga picha upesi, tuma kwenye grupu la WhatsApp la skimu. Wakati wa mavuno simu yako iwe imeisha chaji.

6. Mpunga ukilala, masuke yakiozea majini, usitamke neno yurea. Sema kwelea kwelea. Sema mbolea feki. Kisha waite wafugaji, maana mabua unayo, marefu na mengi, na ng'ombe hawaulizi umepata magunia mangapi. Bei wataipanga wao, itikia tu.

Msimu ujao ongeza mifuko miwili, ndugu yangu. Jirani naye amesoma mwongozo huu.